Neva za Wakesho

Sheria iliruhusu neva iliyokatika ioteshwe upya kwa vimeng'enya vilivyotolewa kwenye utando wa seli za ndugu wa damu. Ila neva za aliyetoa zikikatika, haziungi tena.

Mghoi alikuwa fundi cherehani. Mashine ya kukatia vitambaa ilipomkata neva za mkono, mdogo wake Wakesho alijitolea.

"Chukua, dada. Mimi mwalimu, nitakatwa na chaki?"

Wakacheka wote wawili, na baada ya matibabu vidole vya Mghoi vikaamka. Mwaka uliofuata kioo cha dirisha kilimpasua Wakesho kiganja. Kidonda kilifunga, lakini mkono ukabaki na ganzi.

Asubuhi moja walikuwa wakipika chapati, Mghoi akisukuma, Wakesho akigeuza.

"Dada, kuna kitu kinaungua," Wakesho alisema, akichungulia chini ya jiko.

Mkono wake wenye ganzi ulikuwa umeegemea kikaango. Mghoi aliunyakua, akauzamisha kwenye maji. Kwa vidole vyake vizima alihisi malengelenge yakiinuka, moja baada ya jingine.

"Unaumia?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Hata kidogo," Wakesho alisema akitabasamu. "Sasa unalia nini, dada?"