Jina la Fundi Mwashi

Bwana harusi alipiga simu asubuhi ya ndoa. Bibi harusi akaiweka kwenye spika, maana rangi ya kucha zake ilikuwa bado mbichi.

"Jina la kwenu baki nalo tu, mpenzi. Mimi sina neno."

Nyuma ya bibi harusi, baba yake, fundi mwashi, alikuwa akimsugulia viatu. Brashi ikasimama.

Tangu ukuta alioujenga uwaangukie watu sokoni, kila likitajwa jina lao mtaani, watu huguna.

"Nachukua la kwako," binti akajibu mbio mbio. Kisha akageuka, uso umemshuka. "Baba, sikukusudia..."

"Usiniombe radhi." Mzee alirudia kusugua kiatu kilichokwisha kung'aa. "Hata mimi, mwanangu, ningepata wa kunioa, ningeolewa leo."