Breki za Shemeji

"Nimesema kubwa! Kubwa kuliko gari lenyewe!"

Mwanamke alipiga kiganja juu ya paa la kigari, spana zilizokuwa pale juu zikaruka. Fundi Kelele, ambaye mdomo wake haukuwahi kujua likizo, siku hiyo alikuwa amekutana na kiboko yake. Tangu asubuhi anafokewa, tena kwenye gereji yake mwenyewe.

"Dada, hiki ni kigari cha kwendea sokoni," alisema. "Unafungua mlango wa nyuma, unatia kikapu, basi. Si lori la kokoto. Pedi mpya na diski za kawaida zinakitosha. Breki za gari kubwa humu ni kumvisha mtoto viatu vya babake."

"Mvishe."

Kwenye benchi la ukutani alikaa mwanamume aliyekuja akiendesha gari hilo. Alishika funguo kwa mikono miwili, amenywea kama kifaranga aliyenyeshewa. Fundi alimwonea huruma. Kuna ndoa, aliwaza, mume anaingia simba anabaki paka.

"Shemeji, tuokoe basi. Na wewe unazitaka hizo kubwa?"

"Anavyosema yeye," mwanamume alijibu, macho chini.

Kazi ikaanza kwa kununa pande zote mbili. Diski mpya zilikuwa pana mno, rimu za zamani hazikuzimeza, ikabidi zitafutwe nyingine. Kila boliti aliyoikaza fundi, mwanamke aliinama kuikagua. Lakini zilipotoka pedi za zamani, fundi naye akapandwa na hasira. Zilikuwa zimelika zikaisha kabisa, chuma kinasugua chuma.

"Hivi mlikuwa mnatembelea kitu hiki? Kelele zake hamkuzisikia? Usipoziba ufa..."

"Usiniletee methali!" mwanamke alimkata. "Mwonyeshe yeye. Mpe ashike!"

Fundi akampa mwanamume kile kipande cha chuma. Mwanamume alikigeuzageuza kwa muda mrefu.

"Nilifikiri zitafika mwisho wa mwezi," alisema.

"Alifikiri!" Mwanamke alicheka kicheko kikavu. "Umesikia, fundi? Alifikiri."

Fundi akajitia kutafuta bisibisi chini ya meza. Mambo ya chumbani ukiyaingilia, jioni wenyewe wanapatana na wewe unabaki mbaya. Aliporudi alijaribu kubadilisha mazungumzo, akaonyesha mbele ya gari, pale boneti ilipobonyea.

"Hapa nitakunyooshea, dada. Bure kabisa, heshima yako tu."

"Paguse uone! Paache hivyohivyo. Akiingia apaone, akitoka apaone."

Makubwa, fundi aliwaza. Mtu kagusa ukuta siku moja, anahukumiwa maisha.

Ikafika zamu ya kutoa hewa kwenye mabomba ya breki. Hapo huhitajika mtu wa kukanyaga pedali huku fundi akilegeza na kukaza kule chini. Fundi alimfungulia mwanamke mlango. Mwanamke akarudi nyuma hatua tatu.

"Mimi siketi humo. Akae yeye."

Mwanamume akaingia.

"Kanyaga," fundi aliita kutoka chini. "Shikilia. Achia. Kanyaga tena."

"Kanyaga!" mwanamke alipiga kelele dirishani. "Leo umepata mguu, sivyo? Kanyaga!"

Fundi alikasirika kwelikweli. Hata mtu akikosa, hasemwi hivyo mbele ya watu. Alimaliza kazi bila kusema neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika gereji ile, kisha akainuka akijifuta mikono.

"Tayari. Mtaa mzima hakuna gari linaloshika breki kama hili. Sasa mwache shemeji apumue."

"Litasimama wapi? Nataka kuona."

Barabara ya nyuma ya gereji ilikuwa tupu. Mwanamke alianzia kwenye nguzo ya umeme, akahesabu hatua kumi na nne kwa sauti, bila kusitasita. Hapo akavua ndala moja, akaiweka katikati ya lami.

"Aje kwa mwendo wake ule wa kila siku. Akifika kwenye nguzo akanyage."

Gari likaja. Kwenye nguzo pua ilizama, matairi yakalia, likasimama hatua nne kabla ya ndala. Fundi alipiga makofi peke yake.

"Rudia," mwanamke alisema.

Likarudia, likasimama palepale.

"Rudia!"

Mara ya tano gari halikurudi tena nyuma kule lilikoanzia. Mwanamume alilaza kichwa kwenye usukani, akalia waziwazi kama mtu aliye peke yake. Fundi hakuweza kuvumilia zaidi.

"Dada, utamuua huyu! Kosa gani hilo lisilosameheka? Mwonee huruma shemeji yangu."

Mwanamke aliokota ndala yake, akaikung'uta vumbi, akaivaa taratibu. Hasira ilikuwa imemtoka usoni, na bila hasira alionekana mgonjwa.

"Usimwite shemeji. Shemeji yako yuko nyumbani, hawezi hata kulitazama gari hili. Huyu ni jirani yetu tu. Hapa nilipoweka ndala ndipo alipokuwa mwanangu. Mdogo wake anaanza shule Jumatatu, na barabara ni ileile."