Kazi Nimemaliza

UMEKOSEA. MPISHI HANA HATIA.

Maandishi mekundu yalijaa kwenye kompyuta, na sebule nzima ikaangua kicheko. Afande, kama walivyozoea kumwita nyumbani baada ya miaka thelathini ya upelelezi, alihisi uso unawaka. Tangu mchana alikuwa akitamba kwamba mchezo wa kubofyabofya hauwezi kumpiga chenga mtu kama yeye.

"Baba, hukufungua hata chumba kimoja!" binti yake akamtania. "Umeingia tu, ukamkamata mpishi!"

"Si kakiri mwenyewe?" Akambofya tena yule mpishi wa kuchorwa, aliyesimama mlangoni mwa nyumba ya marehemu. Maneno yakatokea juu ya kichwa chake: Kazi nimemaliza. "Mnaona? Kazi gani hiyo, kama si kumuua bosi wake?"

Mkwe wake, ambaye ndiye aliyeutengeneza mchezo, alikuwa pembeni na kikombe chake cha chai. Mpole, mwenye adabu zake. Siku alipokuja kuposa aliletwa na mama yake mdogo, akasema mama hayupo. Wakampa pole. Tangu hapo Afande alimchukua kama mwanawe wa kumzaa.

"Mbofye mara ya pili, baba," alisema taratibu. "Hukumwacha amalize kusema."

Afande akabofya.

Kazi ya jikoni nimemaliza, afande. Naomba niende nyumbani, mtoto wangu yuko peke yake.

Kidole kikamganda juu ya kipanya. Wengine walikuwa bado wanacheka, yeye hakuwasikia. Maneno hayo aliwahi kuambiwa, miaka kumi na tisa nyuma, katika chumba cha mahojiano, wakiwa wawili tu, yeye na mpishi mmoja aliyeshukiwa. Kwenye maelezo aliyaandika, ila "ya jikoni" aliyaruka. Wakubwa walitaka kesi iishe upesi, naye alitaka cheo. Cheo alikipata, mpishi akafungwa.

Sasa akaanza kuingia chumba kimoja baada ya kingine, kazi ambayo siku ile hakuifanya. Chini ya kitanda cha mpwa wa marehemu akabofya mfuko. Ndani mlikuwa na shati lenye damu. Mfuko wenyewe haukuwa umefichwa hata kidogo.

Lahaula! Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na kiti chake pamoja. Hakuthubutu kugeuka.

"Maneno haya ya mpishi," aliuliza, "uliyatoa wapi, mwanangu?"

"Kwa mama."

"Lakini si ulisema mama yako hayupo?"

"Hayupo, baba." Mkwe akaweka kikombe chini. "Anatoka Alhamisi."