Ndiyo za Mtaa Wetu

Mimi sijasema uongo maishani mwangu, ukiondoa umri wangu, idadi ya posa nilizokataa, na mambo ya jana.

Mjini kwetu marehemu hubaki nyumbani, sauti zao zikikaa kwenye kisanduku ukutani. Wao ndio wanaohesabu kura, maana hawanunuliki kwa sahani ya pilau. Jana tuliipigia kura kodi ya mauzo: bei dukani ipande kidogo, manispaa ipate fedha za maji, za kuzoa taka, na za umeme wa visanduku. Kodi ikikataliwa, visanduku vinazimwa.

Nilirudi na wino kidoleni. Mume wangu Shaali, mwaka wa tisa huu kisandukuni, akauliza, "Bi Mize, umenipigia ndiyo?"

"Sasa nisikupigie, bwana, nani atanambia chai yangu maji matupu?"

Akacheka. Kisha akaanza kuhesabu kura za mtaa, zinazomfikia kisandukuni kwa waya. Nikakoroga uji uliokwisha kuiva.

"Nimemaliza mtaa wetu," akasema taratibu.

"Enhe?"

"Mke wangu, ndiyo hakuna hata moja."