Kitenge cha Mjane

Kitenge cha kwanza kilianikwa Jumanne asubuhi, risasi zikilia bado upande wa uwanja wa ndege. Alima alikiona kupitia ufa wa mbao za ukuta wake, akaweka kikombe chini.

"Ramla, kuya uone wazimu ya Ernestine. Batu banakufa, ye anafua nguo."

Binti yake alikuja akitambaa, maana tangu Jumapili hakuna aliyesimama wima karibu na ukuta ule. Ng'ambo ya kichochoro, juu ya uzio wa mawe ya volkano, kitenge chekundu cha super wax kilikuwa kimetandazwa kwenye kamba, kikichuruzika maji. Na mjini maji yalikuwa yamekatika pamoja na umeme.

"Ile ni *Mari capable*, mama."

"Nimeona."

"Lakini ye ni mujane. Bwana gani tena mwenye uwezo?"

Goma kila kitenge kina jina lake. Wanaume huona rangi, wanawake husoma. Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanzia. Miaka mitatu nyuma, mumewe Nuhu alikwenda kwa huyo huyo Ernestine, muuza vitenge mwenye asili ya Butembo, akamnunulia mkewe zawadi ya Idi. Alichagua kwa uzuri wa rangi, maskini. Alima alipoifungua akakuta *Jicho la mke mwenza*. Nuhu aliapa kwa Mungu kwamba hakujua. Ernestine hakuapa, alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku ile majirani hao hawakupeana hata "jambo".

Sasa Nuhu mwenyewe hayupo. Jumapili alasiri alitoka kwenda kuihamisha taksi-basi yake, akasema atarudi kabla chai haijapoa. Simu hazishiki. Kichochoroni wameketi wenye bunduki, wanakusanya wanaume wa mtaa, na mwanamke akifungua mlango wa nje wanamrudisha ndani kwa mtutu. Mama na mwana wamebaki na chumba kimoja, nusu bidoni ya maji na unga wa kukung'uta mfukoni. Alima aliogopa hata kulala. Akifumba macho tu, alimwona Nuhu amelala barabarani na kiatu kimoja.

Kwa hiyo hasira ilimfaa. Alifungua sanduku, akatoa lile *Jicho la mke mwenza*, akajikokota hadi uani akalianika kwenye kamba yake. Mwenye macho haambiwi tazama. Wenye bunduki walitazama, wakaona nguo, wakaendelea kuvuta sigara.

Jumatano Ernestine alijibu. Kilikuwa kitenge cha rangi ya kiini cha yai, chenye michirizi ya kijani, na jua la asubuhi lilipokipiga, chumba cha Alima nacho kilipata nuru kidogo kupitia ule ufa. Jina lake *Chéri, usinipe mgongo*, ombi la mtu kwa mpenzi wake. Alima alikaa palepale mpaka magoti yakafa ganzi. Alikuwa hajaona kitu kizuri tangu Jumapili, na kizuri hicho kilimliza.

"Anaomba tupatane," alisema. "Miaka tatu tunapeana mugongo, leo vita imemufundisha adabu."

Siku hiyo alinawa uso kwa maji ya kikombe kimoja, akapaka wanja, akafunga kilemba kama mtu anayekwenda harusini. Ramla alimcheka, naye akacheka, na kwa saa nzima wakavikunjua vitenge vyote sandukuni wakivitaja majina. Mwishowe Alima akaanika kile chenye maua makubwa ya waridi, kuonyesha kwamba moyo wake umelainika. Alijisikia mtu tena.

Alhamisi ikarudi *Mari capable*, imelowa. Ijumaa hivyo hivyo, imelowa.

"Stoku yake imekwisha?" Alima aliuliza, akiwa amevunjika moyo kidogo. Alishaanza kuamka mapema kwa ajili ya kamba ile.

"Mama, angalia kwa pindo. Wamepasua."

Kweli, kipande chenye upana wa kiganja kilikuwa hakipo. Alima aliumia kana kwamba kimechanwa mwilini mwake. Super wax ya Uholanzi!

"Vita inaharibu batu kichwa," alisema.

Jumamosi kulipambazuka kimya. Kichochoro kilikuwa kitupu, vichungi vya sigara vimezagaa. Alima alivaa kitenge chake bora kuliko vyote, akamwambia Ramla afunge mlango. Alikuwa ameshaamua: kwanza atapatana na Ernestine, halafu atamwomba wafuatane hospitalini kumtafuta Nuhu, kitanda kwa kitanda, na wasipomkuta vitandani, waende hata kule wanakolazwa waliofunikwa nyuso. Kazi hiyo hakuna anayeiweza peke yake. Alivuka kichochoro, akagonga.

Ernestine alifungua. Macho yake yalikuwa mekundu, mikono ya blauzi imekunjwa hadi viwiko, kama mtu ambaye hajaona godoro kwa juma zima.

"Mama Ernestine," Alima alianza, "nimesoma bikwembe yote ulianika kwa kamba. Nimekuya tupatane."

Ernestine alimtazama toka kilemba hadi kandambili, kisha akarudi tena juu kwenye wanja.

"Tupatane? Siku ine mi nakuambia bwana yako iko muzima, iko kwangu, na weye unanijibu na maua?" Alimshika mkono akamvuta ndani. "Ingia. Umuongeleshe pole pole, muguu nilifunga na ile pindo ingali inamuuma."