Ngoma Isiyopigwa

Vidole vya Shekue, fundi wa ngoma, vilikuwa vinakufa ganzi kimoja kimoja. Alitaka kompyuta ya kurekodi midundo yake kabla mikono haijaisahau. Baada ya kulipia vifaa vingine, fedha zilitosha kununua kasha la kompyuta au diski kubwa ya kuhifadhia midundo, si vyote viwili.

"Bila kasha utaviweka wapi vifaa, baba? Kwenye sufuria?" Tausi mwenye duka alimtania, redio ikiimba nyuma yake.

"Nipe diski, mwanangu. Nyumba yake ninayo."

Kesho yake alirudi na mzinga wa ngoma usiowambwa ngozi. Tausi, huku akicheka, akavifunga vifaa ndani yake, akawasha. Feni ikazunguka, na ule mti ukaanza kunguruma.

Shekue akauwekea kiganja chenye ganzi. Kikausikia mngurumo.

Tausi akaizima redio ya dukani, naye ausikie.