Nani Amekula Udongo?

Ufa ulikuwa umevuka alama ya chaki tena. Jana uliishia chini ya ramani. Leo umeipita, na mlango wa darasa haufungiki.

"Mvua hiyo," mwalimu mkuu alimwambia mwalimu wa darasa hilo, hata kichwa hakuinua. "Ikikatika, ufa utatulia."

Eti utatulia! Mwalimu alirudi darasani roho juu juu. Darasa lake lilikuwa la mwisho, ukingoni mwa mteremko, na watoto wale aliwapenda kama aliowazaa. Angeshuka nyuma akaukague msingi mwenyewe, ila goti lake lilishamkatalia miteremko miaka mingi.

Basi akafundisha. Kila mwaka somo lilikuwa lile lile: kila mtoto na kopo lake la udongo, na onyo moja. "Msivuke barabara, magari hayana macho. Choteni hapa hapa shuleni."

Alimwaga makopo kwenye sinia, akajenga kilima, akaweka juu yake kijumba cha maboksi ya kiberiti. Udongo haukutosha. Akawatuma mapacha wakaongeze, nao wakatoka mbio wakisukumana.

"Hata jiwe huchakaa," aliwaambia waliobaki. "Linasagika linakuwa udongo. Udongo unalaliwa na udongo mwingine, unagandamana, unakuwa jiwe tena."

"Na mtu akilaliwa, Mwalimu?"

"Ala! Usiniletee mkosi."

Akamimina maji polepole, chini kabisa ya kilima. Kijumba kikainama, kikaanguka, na darasa zima likaangua kicheko. Nyuma yake plasta ikadondoka kidogo kutoka ukutani. Ni yeye peke yake aliyegeuka kuitazama.

"Haya, nani amekula udongo?"

"Maji!"

Binti mdogo wa dawati la mbele hakuitikia. "Wa kwenye sinia ni maji," alisema. "Wa chini ya darasa ni sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi na kaka zetu na dada zetu, wote uliowafundisha. Pale ndipo palipo laini, Mwalimu. Siku hizi tunaingia shimoni mpaka ndani kabisa, tunakaa. Ukitembea, tunasikia viatu vyako juu ya vichwa vyetu."

Akatazama dawati la mapacha.

"Hata sasa wanakusikia."